Komisionere Mmoja au Sita

Kuna maandishi mawili ambayo mgeni wa Lubumbashi huyasoma kabla hajajua hata jina la avenue aliyosimama. La kwanza limepakwa kwa rangi kwenye kuta za mbele, herufi kubwa kama za tangazo la msiba: "Cette maison n'est pas à vendre." Nyumba hii si ya kuuza. Linawaonya wanunuzi, kwa kuwa lupango moja, yaani kiwanja na nyumba yake, linaweza kuuzwa na mjomba, likauzwa tena na mtoto wa mjomba, halafu likauzwa na mtu asiyefahamika na ukoo wowote. Andiko la pili ni la chaki, kwenye ubao mweusi ulioegemezwa kwenye shina la mwembe: vyumba viwili na saloni, choo ndani, dola 150. Hilo linakukaribisha. Pembeni pa ubao pana benchi, na kwenye benchi wameketi makomisionere, yaani madalali wa nyumba, macho yao kwenye viatu vyako. Mtu anayetafuta nyumba hujulikana kwa vumbi la viatu.

Swali la kama uwatumie watu hawa au uwapite linagawa familia za mji huu kuliko siasa. Nyumbani kwetu lilitugawa sawasawa: mke wangu upande wa komisionere, mimi upande wa bila komisionere, watoto upande wa yeyote atakayewapatia nyumba yenye televisheni. Mwenye nyumba wetu wa Katuba alikuwa ametuomba tutoke, mwanawe anarudi kutoka Kolwezi na mchumba, na mchumba hawezi kulala saloni.

Hoja yangu ilikuwa ya hesabu, ingawa mimi ni mwalimu wa historia, na mshahara wangu nao ni historia. Chukua nyumba ile ya dola 150. Mwenye nyumba anataka garanti, yaani amana, ya miezi sita: 900. Ongeza kodi ya mwezi wa kwanza, 150. Ongeza mwezi mmoja wa komisionere, 150 nyingine. Jumla 1,200, na hujanunua hata kufuli. Tena sheria ipo. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite kodi ya miezi mitatu. Nilimsomea mzee mmoja mwenye nyumba kifungu hicho, mbele ya geti lake. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akasema sheria hiyo ni nzuri kabisa, basi niende nikapange kwa sheria.

Nikamwambia mke wangu: garanti hatuiwezi, lakini ile 150 ya komisionere tunaiokoa. Ujerumani wameamua tangu Juni 2015 kwamba anayemwita dalali ndiye amlipe. Uingereza tangu Juni 2019 mpangaji halipi tena ada za wakala. Akanijibu kwamba huko kwao dalali huitwa. Hapa haitwi na mtu. Ukisimama kusoma ubao, umeshamwita.

Basi nikaanza kutafuta kwa njia ya watu, kama wanavyosema wote wa chama changu: uliza ndugu, uliza kazini, uliza kanisani, nyumba nzuri hazifiki kwenye ubao. Ni kweli hazifiki. Ila njia ya watu ina watu.

Tantine wa kwaya alijua nyumba Bel-Air, ya dada wa rafiki yake. Alitupeleka mwenyewe, akapanda teksi kwa gharama yangu, akashuka sokoni kwanza kununua lengalenga kwa gharama yangu, na tulipofika nyumba ilikuwa imepata mtu siku nyingi. Tukirudi akasema, "Papa, mimi siombi kitu, lakini miguu inaniuma." Nikaipa miguu pole. Mwenzangu wa kazini alijua nyingine, akataka tu nimshike mkono mambo yakikaa sawa. Muuza makala wa kona yetu alijua mbili, na tangu siku hiyo kila gunia nililonunua kwake lilikuwa na bei ya habari ndani yake. Kijana wa manseba, aliyekuwa akituzungusha kwa pikipiki mimi na mke wangu tukiwa tumebanana nyuma yake, alitusikia tukibishana, akazima injini katikati ya njia akasema kwamba bibi yake ana chumba. Hata diakoni, mtu wa Mungu, alinivuta pembeni baada ya ibada: anajua nyumba, ila kanisa linapaka rangi mwaka huu.

Lakini wote hao ni wanafunzi mbele ya sentinele, yaani mlinzi, wa mtaa wa Golf.

Huyu nilielekezwa na jirani. Alinipokea getini akiwa na redio ndogo na tochi mchana kweupe, akanizungusha nyuma ya jumba hadi kwenye anexe: vyumba viwili, kibaraza, na bafu lenye vigae. Niliziangalia kuta zile kwa jicho la kazi yangu. Nyuma ya majumba ya namna hii, enzi mji ukiitwa Elisabethville, ndiko walikolala maboyi wa Wazungu. Mwaka 1965 chama cha maboyi wa zamani kiliandikisha historia yao ya mji kwa Kiswahili cha hapahapa, kazi ya André Yav, na mwanaanthropolojia Johannes Fabian akaitoa kitabuni mwaka 1990. Huwapa wanafunzi wangu hadithi hiyo kila mwaka. Sasa nimesimama ndani ya nyumba ya boyi, nimeambiwa dola 100 kwa mwezi, na moyo unadunda kwa furaha.

"Mwenye nyumba tunamwona lini?" nikauliza.

"Mwenye nyumba iko Afrika Kusini, papa."

"Basi tumpigie simu."

Akatazama redio yake. "Ya nini kumusumbua?"

Masharti yakaanza kutoka polepole, moja baada ya moja. Tusitumie geti kubwa. Watoto wasicheke upande wa mbele. Mtu akiuliza, mke wangu ni dada yake sentinele, amekuja kutibiwa. Na patron akirudi kwa likizo? "Mutatoka kidogo," akasema kwa upole wa mtu anayekupa nafuu, "kisha mutarudi." Garanti miezi mitatu tu, kama sheria inavyosema. Ndiye mtu pekee katika safari nzima aliyenitajia garanti ya kisheria, na nyumba haikuwa yake.

Alitaka pia ya Simba moja kwa kunionyesha. Nikampa. Bia ilikuwa stahili yake.

Jioni hiyo mke wangu alichukua daftari la mtoto akaandika yote tuliyokwisha kutoa: teksi ya tantine, lengalenga, makala, manseba, Simba, na mchango wa rangi ya kanisa, maana nilikuwa nimeshachanga. Hakusema neno. Alipiga mstari chini, akaandika jumla, akaliweka daftari karibu na sahani yangu ya bukari. Kisha akasema kwamba nimemkimbia komisionere mmoja nikaajiri sita, tena wasio na ubao.

Kesho yake alimleta wa kwake. Mtu mfupi, kofia ya TP Mazembe nyeusi na nyeupe, simu mbili, na daftari lililovimba kama limenyeshewa mvua misimu mitatu. Akataja bei zake kabla hajaketi: dola kumi za kuzunguka kuona nyumba, hazirudi; mwezi mmoja tukisaini. Hakuomba sukari wala soda. Ninakiri ilinipendeza kumwona mtu anayeiita njaa yake kwa jina.

Walimwengu wa biashara hii wana elimu yao. Nyumba mbaya huonyeshwa kwanza. Hiyo nilikuwa ninaijua, lakini kuijua hakukusaidii pale unaposimama mbele ya mlango usio na bawaba. Ya kwanza ilikuwa Ruashi.

"Kuko maji?" mke wangu akauliza.

"Kuko."

Kilikuwa kisima, mita nyingi kwenda chini, na kamba ya jirani.

"Kuko courant?"

"Kuko, mama." Akaonyesha waya uliotoka dirishani, ukapita juu ya ukuta, ukaingia kwa jirani yuleyule mwenye kamba. Nilimwonea huruma jirani huyo. Alikuwa mtaa mzima.

Ya pili ilikuwa Kamalondo, karibu na uwanja wa Mazembe, bei ya chini ya kushangaza. Komisionere alisema faida yake ni kwamba sitanunua tiketi tena, magoli nitayasikia kitandani. Mke wangu hakushuka kwenye teksi.

Ya tatu ndiyo ilitutia mtegoni. Hewa Bora, nyumba safi, ua una mparachichi, saa nne asubuhi, Jumanne, kimya ambacho hata kuku waliheshimu. Nilikuwa nimeshaanza kuweka vitabu vyangu kwa mawazo. Mke wangu akatoka nje kununua mikate ya mafuta kwa mama aliyekuwa anakaanga kando ya ukuta. Yule mama hakuwa na ubao wala benchi. Alikuwa na karai.

"Mama, huku ni kimya hivi kila siku?"

"Kimya kabisa, mama. Mupaka Jumatano."

Nyuma ya mparachichi, ule ukuta mrefu tuliodhani ni wa ghala ulikuwa wa kanisa la uamsho. Mkesha Jumatano, mkesha Ijumaa, Jumapili kuanzia alfajiri, spika nne, na jenereta ili kazi ya Mungu isikatizwe na giza. Komisionere akasema kwa upole kwamba hakuulizwa habari za kanisa. Alituona waumini, alidhani tutafurahi.

Hapo ndipo nilipojenga imani niliyonayo mpaka leo, nayo haimo katika chama changu wala cha mke wangu: tafuta nyumba na yeyote umtakaye, lakini usisaini kabla hujala mikate ya mafuta mlangoni pake. Anayekaanga kando ya njia anajua maji hutoka saa ngapi, anajua mpangaji aliyetoka alilia au alicheka, anajua mwenye nyumba hurudisha garanti au huimeza. Na hadai chochote zaidi ya bei ya mkate.

Ya nne tuliichunguza kwa njia hiyo, Kampemba, si mbali na shule yangu. Mama wa mikate wa huko akasema mwenye nyumba ni mjane, mkali, lakini mtu wa neno lake. Tukapelekwa mbele yake. Alikuwa ameketi kibarazani, kitenge mabegani kwa ajili ya baridi ya Juni, kiti kingine kimoja tu mbele yake. Nikaelewa kwamba ni cha mtuhumiwa.

Aliniuliza kazi, kanisa, kabila, kijiji cha mama yangu, kama ninakunywa, na kama ninakunywa nikiwa nyumbani au mbali. Nikajibu yote. Kisha akauliza watoto.

"Wawili," komisionere akasema haraka kabla sijafungua kinywa.

Tuna wanne. Wanne wote walikuwa nyuma yetu, wamepangwa kwa urefu, nguo za Jumapili, kwa amri ya mama yao. Mjane akawatazama. Akahesabu kwa kidole, bila aibu, akirudi nyuma kuhakikisha.

"Na hawa wawili?"

"Wageni, mama," komisionere akasema. "Wamekuja likizo."

Mtoto wangu wa mwisho, ambaye hajui siasa, akauliza, "Papa, mimi ni mgeni?" Mjane akacheka mpaka kitenge kikaanguka. Komisionere akaokota kitenge, akakirudisha mabegani pake kwa unyenyekevu, na kwa kitendo hicho nadhani alikula halali nusu ya mwezi wake. Tukapewa nyumba na watoto wetu wote, dola kumi zikiongezwa kwa mwezi kwa ajili ya maji ya wageni.

Hatua ya fedha ilifanyika mezani, mlango umefungwa. Wasiokaa Kongo hawataamini, lakini dola ya kwetu huishi maisha magumu kuliko ya kwao ilikozaliwa. Ikiwa na mpasuko wa ukubwa wa kucha ya mtoto, haipokelewi. Ikiwa ya zamani, ile yenye picha ya kichwa kidogo, haipokelewi. Ikiandikwa namba kwa kalamu, haipokelewi. Ni fedha halali mahali pote isipokuwa kwenye mkono unaotakiwa kuipokea. Mjane aliziinua noti zangu kwenye mwanga wa dirisha, moja moja, akipitisha kidole ukingoni kama fundi cherehani anayekagua pindo. Tisa zikapita, ya kumi ikakwama. Ilikuwa ya dola hamsini, na karibu na ukingo wa juu palikuwa na mchano nisingeuona hata kwa miwani.

"Hii, hapana."

"Mama, imechanika wapi?"

"Hapa."

"Lakini namba zote zipo, mama."

"Namba ziko. Noti haiko."

Komisionere alikuwa ameshatoka. Akarudi na kijana wa kubadilisha fedha, yule wa kiti cha plastiki njia panda, mafungu ya franka kwenye mfuko mweusi. Noti yangu ya hamsini ikauzwa kwa arobaini na nne, mbele ya macho yangu, ndani ya nyumba niliyokuwa bado sijaipanga. Nilipouliza hiyo sita imekwenda wapi, kijana akanieleza kwa uvumilivu kwamba noti mgonjwa lazima ipelekwe mpakani Kasumbalesa, huko ina watu wake. Sikujua kama noti zina watu wao. Sasa ninajua.

Mkataba ukaandikwa na komisionere kwa mkono, herufi nzuri ajabu, karatasi mbili. Nikaona kodi imeandikwa dola 80. Nikanyoosha kidole. Mjane akakohoa. Komisionere akanieleza chini kwa chini habari za kodi ya serikali ya mapato ya nyumba, ile IRL, akaniomba nisiwe mwalimu kwa dakika tano. Mke wangu alinikanyaga chini ya meza, naye alinikanyaga vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeshavuta pumzi kuanza na mwaka 2015. Tukasaini. Risiti ya garanti tu ndiyo niliyoshikilia iandikwe fedha kamili, kwa tarakimu na kwa maneno, na jina la shahidi. Mjane alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili.

Tulipokuwa tunatoka, mlinzi wa lupango la jirani aliniita pembeni. Alinong'ona kwamba mjane alikuwa anaomba 130, na kwamba 150 ni ya ubaoni; ile ishirini ya kila mwezi komisionere na mjane walipatana namna ya kugawana. Alisema laiti ningepitia kwake. Nikamuuliza angenitoza kiasi gani. Akafikiri sana. "Ya kuanza, papa, ungenipa tu ya Simba."

Tulihamia kabla ya vumbi la Agosti. Nyumba ni nzuri, maji hutoka usiku, na mjane huja mwisho wa mwezi kuhesabu wageni. Shida ilikuwa moja tu: hakuna aliyefuta ubao. Wiki baada ya wiki watu waligonga geti, mume na mke, viatu vyekundu kwa udongo, wakisema, "Tumekuja kuona nyumba." Mara ya kwanza niliwafukuza. Siku nyingine mke wangu aliwapa maji. Alikuja baba mmoja na binti mgonjwa, amezunguka tangu asubuhi, na mimi nilijua kwamba nyumba ya ng'ambo ya njia mpangaji wake anahamia Likasi. Nikavuka naye. Nilimwambia kisima kiko wapi, umeme hukatika saa ngapi, na kwamba mama wa mikate huanza kukaanga saa kumi na moja. Wakapatana siku ileile. Mwenye nyumba wa ng'ambo akaniletea bahasha jioni. Nilikataa kama inavyotakiwa kukataa, mara mbili, kisha nikaipokea.

Dola ishirini. Mke wangu akaichukua mkononi mwangu, akaenda nayo dirishani.

Nilikuwa bado ninasubiri hukumu ya noti geti lilipogongwa tena. Kofia ya Mazembe, simu mbili, daftari lililovimba. Hakukasirika. Alisalimia wote, akawauliza watoto habari za shule, wanne wote, akaketi kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Patron mwalimu," akasema, "nasikia umefungua kazi. Hii avenue ni yangu tangu mwaka 2011. Tugawane nusu kwa nusu, ama nikuletee benchi?"

Mke wangu akamuuliza benchi ni bei gani.